Hatimkato si ya kutupwa, ila kipimo chake kina kasoro

Matangazo ya kazi za makatibu muhtasi nchini kwa muda mrefu yamedai hatimkato (mwandiko wa alama fupi wa kunasa maneno ya msemaji) ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 80 kwa dakika. Vijana wa hapa Unguja wanauliza, wala si kwa utovu wa adabu: simu inarekodi kikao kizima, ya nini kuhangaika na mistari aliyoibuni Isaac Pitman kule Uingereza mwaka 1837?

Hoja yao ina uzito. Kujifunza kunakula miezi, na daftari la katibu mara nyingi hulisoma mwenyewe tu. Akistaafu, ndiyo basi tena.

Lakini iweke hiyo simu mezani kwa sheha siku ya mgogoro wa kiwanja. Wazee wataanza kupima maneno, na shahidi aliyekuwa akisema mpaka jana atakuwa hajui kitu. Penseli haimtishi mtu. Tena saa mbili za sauti zinataka saa mbili za kusikiliza kabla hujachapa hata mstari, ilhali mwenye hatimkato anajua azimio liko ukurasa gani.

Pitman aliandika sauti, na hapo Kiswahili kinamkaa vizuri. Mstari mwembamba ni p, ukiukoleza ni b. Vivyo hivyo t na d, k na g. (Ndiyo maana ya penseli, bolpeni hainenepeshi mstari.)

Kinachonikera ni ile 80. Themanini za lugha gani? "Hawakutuambia" ni neno moja, silabi saba. Mwingereza akishatamka silabi saba, huwa ameshahesabiwa maneno manne au matano. Halafu tunaambiwa hatimkato ya Kiswahili ni ngumu!

Ugumu wa kweli uko kwenye irabu, maana anayemkimbiza msemaji huziacha. Andika "atakuja", "utakuja" na "itakuja" bila irabu: zinabaki t, k, j zile zile. Kwa kanuni za Pitman, neno linaloanza na a hupandishwa juu ya mstari wa daftari, lakini i na u hukaa mahali pamoja, zikitofautishwa kwa kitone na kistari. Kikisahauliwa hicho kitone, haijulikani anayekuja ni wewe au ni barua. Hapo mtetezi wa simu ananishinda, mpaka walimu wakubali irabu ya mwanzo iandikwe kila mara, hata kasi ikishuka, na mtihani uhesabu silabi.