Majani dhidi ya bakteria sugu: tunapima kuua tu, hapo ndo tunakosea

Kila ikitoka habari kwamba majani ya mwarobaini au mpera yameua bakteria sugu, yaani wale wasiosikia tena dawa, maabara, watu wanagawanyika hapohapo. Wapo wanaosema si tuliwaambia, acheni vidonge vya hospitali, na wapo madaktari wanaosema huo ni utafiti wa kupatia digrii tu.

Madaktari wana hoja. Kipimo kinachotumika sana ni kupaka bakteria kwenye kisahani cha agari, ile jeli ya kukuzia bakteria, unatoboa kishimo, unaweka dawa ya majani, unaacha usiku kucha kwenye nyuzi 37, asubuhi unapima kwa rula duara ambalo bakteria hawajaota. Duara kubwa, shangwe. Ila ukija kwenye kiasi sio ajabu kukuta majani yanataka miligramu 5 kwa mililita ndo yazuie Staphylococcus, bakteria wa majipu na vidonda, wakati antibiotiki nzuri inataka maikrogramu chache tu, na maikrogramu elfu moja ndo miligramu moja. Piga hesabu basi, mtu mzima ana damu kama lita 5, maana yake gramu 25 za dawa kavu ziingie zote kwenye damu, na hapo hatujagusa nyama, ini wala figo, kikombe cha majani ya kuchemsha hakikufikishi huko hata unywe kutwa. Halafu maabara mara nyingi wanakamua kwa methanoli, aina ya alkoholi, wakati bibi anachemsha na maji, kinachotoka sio kitu kimoja.

Wengi wanafunga mjadala hapo, na mimi naona wanaufunga mapema mno, kwa sababu duara linauliza swali moja tu, umeua au hujaua?

Kusini mwa Italia watu walikuwa wanachemsha majani ya mti wa Castanea sativa, chestnut ya Ulaya, wanaoshea ngozi iliyovimba. Mwaka 2015 timu ya Cassandra Quave wa chuo kikuu cha Emory, Marekani, ikaonyesha kwamba dawa ya majani hayo haiwaui MRSA, wale Staphylococcus sugu, inachofanya ni kukata mawasiliano wanayotumia kuamrishana kutoa sumu. Bakteria yuko hai ila hana silaha! Panya walioambukizwa wakapewa dawa hiyo walipata vidonda vidogo kuliko wasiopewa, na bakteria walipokuzwa mara 15 mfululizo ndani ya dawa hiyo hawakujenga usugu. Kwa rula ya asubuhi majani hayo yangeandikwa yamefeli.

Au chukua mimea ya Berberis, ina berberini, kemikali ambayo ikiwa peke yake ni dhaifu maana Staphylococcus anaitapika nje kwa pampu yake. Mwaka 2000 watafiti wakakuta mimea hiyohiyo ina kemikali nyingine inayoziba pampu ile. Ukitenganisha kemikali mojamoja, kama tunavyopenda kufanya, nguvu inapotea na unasema bibi alidanganya.

Usugu uliua moja kwa moja watu kama milioni 1.27 duniani mwaka 2019, kwa hiyo mwenye kidonda kilichooza aende hospitali leo, sio kesho, sibishani na hilo. Ila vyuo vyetu, na Muhimbili wanachunguza tiba asili tangu 1974, vipewe hela ya hatua ya pili: majani pamoja na antibiotiki iliyoshindwa, majani dhidi ya sumu, majani dhidi ya pampu, kisha usalama wa ini na figo. Na waanze na yale yaliyokosa duara.