Nagasaki si nyongeza ya Hiroshima

Kuna ratiba ya safari ya Japani inazunguka kwenye kundi letu la WhatsApp. Tokyo, Kyoto, Hiroshima, halafu chini kabisa: "Nagasaki, nusu siku, kama muda upo." Mmoja akauliza kuna haja gani ya kwenda huko. Akajibiwa, "Si tutakuwa tumeshaona Hiroshima?" Basi, vidole gumba vikamiminika.

Yaani bandari iliyofunguliwa kwa Wareno mwaka 1571 imegeuzwa marudio ya msiba wa mji mwingine! Nimechukia, na bado sijapoa.

Haya, makumbusho ya bomu la atomiki nendeni. Agosti 9, 1945, saa tano na dakika mbili asubuhi. Hadi mwaka ule unaisha watu wapatao 74,000 walikuwa wamekufa. Asiyesimama pale akanyamaza ana lake. (Lile sanamu kubwa la bustani ya amani, lenye misuli kama mnyanyua vyuma, mniwie radhi, silipendi.) Lakini bomu lilipasukia juu ya bonde la Urakami, upande wa kaskazini, na vilima vikaukinga kwa kiasi mji wa zamani wa bandarini. Ndiyo maana hekalu la Wachina la Sofukuji, la mwaka 1629, lingalipo. Huo mji wa zamani ndio mnaoupita mkikimbilia treni.

Mkitaka kuujua, nendeni Oktoba, tarehe 7 hadi 9, kwenye Kunchi, sherehe ya hekalu la Suwa inayochezwa tangu 1634. Huu mtaa unakuja na meli ya Kiholanzi yenye magurudumu, ule na nyangumi anayerusha maji juu, mwingine na joka la Kichina linalofukuzia mpira wa dhahabu kwa mwendo wa kukatisha pumzi. Wanaume wa mtaa wa Kabashima wanakuja na jukwaa zito, watoto wanne wamekaa juu yake wanapiga ngoma. Wanalirusha lote hewani, na hao watoto, kisha wanalidaka kwa mkono mmoja. Mara ya kwanza nilifumba macho. Watazamaji wakiona kikundi kinaondoka wanapiga kelele, "Motte koi!", kileteni tena! Na kweli wanakirudisha, miguu ikitetemeka, jasho likiwatoka.

Hawa si wasanii wa kukodiwa. Ni watu wa mtaani, wanaanza mazoezi Juni, na zamu ya mtaa huja mara moja kila miaka saba. Hebu fikirieni: kusubiri miaka saba ili usukume meli ya mbao kwa dakika chache uwanjani! Halafu mtu anakuja kuniandikia "kama muda upo."

Tena mengi yanayochezwa pale yalishuka melini. Kwa zaidi ya miaka mia mbili Waholanzi ndio Wazungu pekee walioruhusiwa kufanya biashara Japani, nao walifungiwa Dejima, kisiwa kilichotengenezwa kwa mikono ya watu chenye umbo la kipepeo cha kujipepea. Sasa bahari imefukiwa, kisiwa kimebaki katikati ya mji, na wageni wanapita na tramu wakiulizana kiko wapi. Na nyinyi mnaomtaja Yasuke, yule Mwafrika aliyefika Japani karne ya 16, kila Japani inapotajwa: padri aliyekuwa bwana wake, Valignano, alishukia Kuchinotsu mwaka 1579, bandari ya mkoa huuhuu wa Nagasaki. Hilo nalo halimo kwenye ratiba.

Sisemi furaha hii haina doa. Wakati Kunchi inaanza, Wakristo walikuwa wanasakwa, na watawala waliipenda sherehe ya Kishinto, dini ya jadi ya Kijapani, kwa sababu zao. Kilima cha Nishizaka, walikosulubiwa watu 26 mwaka 1597, kiko hatua chache kutoka kituo cha treni.

Mengine kwa ufupi. Mlima Inasa: pandeni usiku. Bustani ya Glover: nzuri, imejaa watu. Gunkanjima, kisiwa cha makaa ya mawe kilichohamwa mwaka 1974: mawimbi yakikataa hamshuki, na mkishuka ulizeni habari za Wakorea waliolazimishwa kufanya kazi mle. Champon, supu ya tambi ya hapa: kuleni.

Watakaokwenda Agosti nao wana lao. Tarehe 15, familia zilizofiwa ndani ya mwaka uliopita huunda mashua za kuwasindikizia marehemu wao, zikazisukuma barabarani huku fataki zikilia mpaka watu wanaziba masikio. Mwanzoni niliona ni fujo. Kisha ikapita familia imebeba picha ya mama yao, wanacheka na kulia kwa pamoja, nikaacha kupiga picha.

Kuhusu tiketi za Kunchi, msijitese. Viti vya kulipia vinagombaniwa, na bei yake, lahaula! Vikundi vikitoka hekaluni huzunguka mjini siku nzima, vikicheza mbele ya maduka na nyumba za watu kuwagawia baraka. Hapo hakuna kiingilio. Fuateni ngoma inakolia, na hoteli wekeni mapema.