Ukiagwa kwa Kiingereza, usisubiri simu

Kwenye semina moja Arusha nilikaa siku tatu meza moja na mama mmoja Mwingereza. Tulielewana sana. Siku ya kuondoka, begi begani, akanishika mkono: "It was lovely to meet you. We must have dinner sometime!" Nikatoa simu anitajie namba. Kuinua uso, mwenzangu keshafika kwenye lifti, ananipungia.

Niliona haya. Alikuwa amesema lazima tule pamoja "sometime", yaani siku moja isiyotajwa, na siku hizi naisikiliza hiyo "sometime". Mwaliko wa kweli huja na siku yake: "Are you free on Saturday?" Usio na siku ni adabu tu, na wala sisemi ni unafiki. Na sisi si tunamwambia mpita njia "karibu chakula", naye anajibu "asante, endeleeni"? Angevuta kiti tungetazamana. "Let's keep in touch", yaani tuwasiliane, nayo ni hivyo hivyo, mpaka mtu aombe namba.

Kosa ninalolisikia zaidi ni mtu kuaga kwa "Nice to meet you". Hiyo ni ya kupeana mikono mwanzoni. Mnapoachana inageuka: "Nice meeting you", au "It was nice to meet you". Kaneno kadogo, lakini Mwingereza akiambiwa ile ya kwanza mlangoni anahisi mnaanza upya.

"Goodbye" ndiyo niliyotoka nayo shuleni. Ina asili nzuri, ni "God be with ye" (Mungu awe nanyi) iliyofupishwa, dua kama kwa heri yetu. Ila leo ikitamkwa nzima inakuwa nzito kidogo, kama mnaachana moja kwa moja, "bye" inatosha. "Farewell" mwachie anayestaafu. Na "Take care", ambayo mara ya kwanza niliisikia kama onyo nikageuka kuangalia nyuma, ni "uwe salama" tu.

Mimi nimechagua moja: "It was really nice meeting you", kisha jina lake. Jina ndilo linaloonyesha ulikuwa unamsikiliza.

Ila kusindikiza sijaacha. Mgeni akisema "bye" mlangoni, mimi ndiyo kwanza natafuta ndala, na tunafika kituo cha daladala bado tunaongea.