Mwandishi Hasemi

Kikundi chetu cha uandishi hapa Tanga hakina katiba, hakina mhuri, wala hakijawahi kumchagua mweka hazina, maana hakuna cha kuweka. Kina kanuni moja tu, na aliileta Mwalimu, mstaafu aliyefundisha Kiswahili sekondari ambaye hata salamu huisikiliza kalamu nyekundu ikiwa mkononi. Ukishasoma kazi yako, unafunga mdomo. Wenzako wanaichambua mmoja baada ya mwingine, na wewe unakaa kimya mpaka wa mwisho amalize. Huruhusiwi kusema "nilikuwa na maana kwamba". Huruhusiwi kuguna.

"Msomaji wako akiwa Kigoma," husema Mwalimu, "utapanda treni ukamweleze ulichokusudia?"

Tunaandika mambo ya nje: safari za miguu, uvuvi wa mshipi, ndege, mvua. Hatulipwi na wala hatudanganyani kwamba tutalipwa. Yupo karani mstaafu wa bandari, yupo nesi, yupo mama mwenye duka la vitenge, yupo kijana wa bodaboda mwenye kipaji kutushinda sote na bado hajajua, na mimi fundi wa friji. Tulizoea kukutana barazani kwa mama wa vitenge, feni inapuliza, tunasoma habari za misitu mizito. Siku moja Mwalimu akavua miwani. "Hii misitu yenu ni ya kwenye kalenda," akasema. "Twendeni Amani, kwenye msitu wa hifadhi kule milima ya Usambara, mkakae ndani yake."

Basi tukachanga, tukakodi kigari, tukapita Muheza mpaka Sigi, pale kwenye nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni, enzi za reli ya Mjerumani. Karani aliandika kurasa mbili kabla hajashuka. Kutoka hapo njia inapanda kwa kona, msitu unafunga huku na huku, na mama wa vitenge akawa anasoma dua kila gurudumu likisogelea ukingo. Mle garini ndimo nilimokula kiapo. Mimi nina sifa mbaya kikundini. Nikikosolewa hujibu, na kila nikijibu hutozwa faini ya chai na vitafunwa kwa wote. Nikawaambia leo hamtasikia sauti yangu hata mniseme mpaka magharibi. Wakacheka. Kijana wa bodaboda akataka tuandikishane.

Zoezi lilikuwa jepesi. Mwongozaji wa hifadhi alituingiza kwenye njia ya miguu, ardhi bado mbichi kwa mvua ya usiku, kila mtu akajitenga nusu saa kuandika anachokiona, anachokisikia na anachokinusa. Kisha tukakusanyika penye uwazi mdogo kusomeana.

Karani alianza, amekaa kwenye kiti chake cha kukunja anachokwenda nacho kila mahali kwa ajili ya mgongo. Mwaka 1902, akatusomea, Wajerumani walianzisha hapa kituo cha utafiti wa kilimo na mimea. Miaka 10 kabla ya hapo, mwaka 1892, mkuu wa wilaya wa Kijerumani, von Saint Paul-Illaire, alikuwa ameshapeleka kwao kiua cha urujuani kilichoota kwenye milima hii, na leo kiko madirishani kwa watu Ulaya nzima. Yote kweli. Kijana wa bodaboda akainua mkono. "Mzee wangu, shikamoo. Wajerumani wote nimewaona. Wewe mwenyewe ulikuwa wapi?" Karani akafumba macho, akameza, hakujibu. Kanuni ni kanuni.

Mama wa vitenge alisoma amesimama. Aliandika juu ya hondohondo, wale ndege wakubwa weusi wenye mdomo kama pembe, ambao mabawa yao unayasikia kabla hujawaona, na akasema kishindo kile ni cha mawifi wanaokuja kukagua nyumba. Tulicheka mpaka mwongozaji akatuomba tupunguze sauti.

Ikaja zamu yangu. Palikuwa na gogo moja tu la kukalia, limelala pembeni ya njia. Mwalimu, kwa heshima, akalifuta mwenyewe kwa leso yake, akapangusa majani na takataka zikaangukia nyuma. "Karibu kitini, mwandishi," akasema. Nikaketi.

Nilikuwa nimeandika kitu ambacho mpaka leo nakiona kizuri. Kilianza hivi: "Msitu ulikuwa umelala. Hakuna kilichotikisika. Nilihisi amani ya Amani ikiniingia taratibu, kutoka nyayoni, ikipanda juu." Nikaendelea na ukungu, nikaendelea na miti, nikafunga kwa habari za majirani wa msitu wanaoukata wenyewe, na methali: kikulacho ki nguoni mwako. Nikakunja karatasi. Nikafunga mdomo.

Nesi akaanza. "Hii amani inayopanda kutoka nyayoni siiamini. Kitu kikimpanda mtu mwilini, mwili unafanya jambo. Mimi nawaona wagonjwa kila siku. Jasho, vidole, macho. Hapa mwili haufanyi kitu."

Wakati huohuo nikahisi mtekenyo kwenye kifundo cha mguu. Nikadhani ni jani.

"Na mimi nina swali," akadakia mama wa vitenge. "Msitu mzima huu, hamna mdudu? Nimesikiliza toka mwanzo mpaka mwisho, sijakutana na mdudu hata mmoja. Mwe! Msitu gani huo?"

Mtekenyo ulikuwa umefika gotini. Mguu wa pili nao ukaitikia.

Sasa, mtu aliyekulia mjini hawezi kujua adabu za siafu. Mwongozaji alinieleza baadaye kwamba hawana macho, wanasomana kwa harufu, na ukikaa kwenye njia yao wanakupanda kimyakimya kwanza. Hawaumi hovyo. Wanaenea, wanajipanga, kila mmoja anashika nafasi yake. Kisha wanauma, na ukiwauliza waliofikwa watakuapia kwamba kuna mmoja huko chini hutoa amri.

Amri ilitoka wakati karani akisafisha koo.

Nilikaza meno. Machozi yakanitoka, jasho likanitiririka, vidole vikang'ang'ania gogo. Nesi, aliyekuwa akililia jasho na vidole, alikuwa anaandika kwenye daftari lake, hakuniona. Mwalimu aliniona. Akawageukia wenzangu kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kumsikia nayo. "Mtazameni. Anaumia. Kukosolewa kunauma, jamani, lakini leo mwenzetu anavumilia. Leo amekuwa mwandishi."

Nikainua kidole. Akatikisa kichwa. Nikainua viwili.

"Namalizia na methali," akasema karani, na huyu bwana husema polepole, kila neno analipigia mhuri. "Naona imebandikwa tu. Kikulacho. Kipi hicho? Ki nguoni. Nguo ipi? Porini humu, nguo imetoka wapi? Mimi ningeiondoa."

Mimi niliondoa suruali.

Sikumbuki nilivyoruka. Nakumbuka nilipiga yowe lililoleta jibu kutoka kwa hondohondo kadhaa, nikazunguka gogo, nikaukumbatia mti, nikauacha. Kijana wa bodaboda ndiye aliyeelewa kwanza. "Siafu! Siafu zimempanda!"

"Wamempanda," akasema Mwalimu. "Siafu wana uhai."

"Vua," akasema mwongozaji, wala hakupaza sauti. "Vua yote, mzee, uende kule kwenye mwanga."

Nesi alinifuata nyuma ya mti na kibano cha nyusi, akageuza uso wake upande mmoja na wangu upande wa pili, akaanza kazi. Siafu askari ukimvuta, kiwiliwili kinakatika na kichwa kinabaki kimeng'ata. Akawa ananyofoa vichwa kimoja kimoja, huku akinipa elimu kwamba zamani watu waliyatumia mataya hayo hayo kubana jeraha badala ya nyuzi. Nilimwambia elimu hiyo tuiahirishe.

Kisha nikaona utulivu umezidi upande wa pili. Nikachungulia. Wote walikuwa wameinamia madaftari.

"Dakika kumi," Mwalimu alikuwa akisema. "Asiniandikie mtu 'alishtuka sana'. Nipeni miguu."

Walisoma kwa zamu, na mimi nasikiliza nikiwa nimejifunga kanga ya mama wa vitenge. Karani alianza na saa: saa sita kasorobo mchana, mwanakikundi mmoja alionekana akihama kutoka kwenye gogo. Nesi aliandika vizuri, ila alinipa umri mkubwa. Mama wa vitenge alinichezesha ngoma za watu ambao sina undugu nao. Aliyetushinda wote alikuwa kijana wa bodaboda, naye hakuniandika mimi kabisa. Aliandika suruali. Imelala njiani mguu mmoja umegeuka ndani nje, siafu wanaendelea kuivuka kwa safu yao. Mara simu ikaanza kuita mfukoni, kioo kikawaka ndani ya kitambaa, na kila aliyesogea akasoma "Mama Watoto" akarudi nyuma. Ikaita, ikakatika, ikaita tena. Mwongozaji akaiinua suruali kwa fimbo.

Mwalimu hakusahihisha hata nukta. Tukakubaliana tuunganishe maandishi yote yawe kisa kimoja cha kikundi, na hapo ndipo ugomvi ulipozuka, kwa sababu karani alikuwa ameandika kwamba boksa yangu ilikuwa nyekundu, na mama wa vitenge, mtu wa rangi, akaapa ilikuwa ya bluu. Nikafungua mdomo.

"Wewe huna sauti," akasema Mwalimu. "Wewe ni mhusika."

Wakapiga kura. Ikapita nyekundu. Niliyeivaa ni mimi, na ilikuwa ya kijani.