Kabla Hujaninunulia Kitabu Kingine cha Fedha

Orodha ya "vitabu kumi vya fedha vya kusoma kabla ya miaka arobaini" imeanza tena kuzunguka WhatsApp. Mmoja wa walionitumia namdai laki mbili tangu Pasaka. Sawa, ndugu yangu, anza wewe.

Vitabu vyenyewe navisoma, tena vingi. Vingi vina wimbo mmoja: acha kahawa ya asubuhi. Kahawa gani? Mimi nanunua chai ya rangi na chapati kwa mama ntilie. Nikiiacha napata nauli ya daladala, si pensheni. Halafu kuna ile kanuni ya asilimia nne: ukistaafu toa asilimia nne ya akiba yako mwaka wa kwanza, kisha uwe unaongeza kufuata mfumuko wa bei, nayo itakufikisha miaka 30. William Bengen aliipigia hesabu mwaka 1994 kwa hisa na hati fungani za Marekani, na kwa Mmarekani ni kazi ya maana. Wanaotuhubiria kwenye semina za kiingilio huku kwetu wanairuka hiyo sehemu ya Marekani.

Kilichonikosesha usingizi mwaka huu hakina jalada wala picha ya mwandishi aliyekunja mikono. Ni kanuni za mafao ya kustaafu. Naam, kikokotoo, ile hesabu ya pensheni. Tangu 2018, mwaka ambao kelele zilizidi mpaka Magufuli akakisimamisha Desemba, hakuna kijiwe ambacho hakijakilaani. Ila mwambie anayelaani akupigie hesabu yake mwenyewe. Ataanza kutafuta chaji ya simu.

Na si hesabu ya chuo kikuu. Chukua miezi uliyochangia, zidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka katika ile miaka mitatu uliyolipwa vizuri zaidi ndani ya kumi ya mwisho, gawa kwa 580. Umepata pensheni ya mwaka. Asilimia fulani yake inazidishwa kwa 12.5, ndiyo mkupuo, hela unayopewa yote kwa mara moja. Kinachobaki gawa kwa 12, ndiyo ya kila mwezi. Mtumishi aliyechangia miezi 360, wastani wa milioni moja kwa mwezi, anapata kama milioni 7.45 kwa mwaka. Kwa asilimia 33 iliyoanza Julai 2022, mkupuo wake ni milioni 30.7 na kila mwezi 415,000. Kwa asilimia 40 iliyotangazwa kwenye bajeti ya 2024/25 kwa wale ambao zamani mkupuo wao ulikuwa nusu, mkupuo unapanda hadi milioni 37.2. Vigelegele! Na ya kila mwezi? Inashuka hadi 372,000.

Hicho kipande cha pili nani alikisoma? Umepewa milioni sita na nusu leo, umekatwa elfu arobaini na tatu kila mwezi mpaka unakufa. Baada ya miaka kumi na miwili na nusu mmelipana. Ukistaafu na 60, ukifika 73 unaanza kula hasara, tena ndio umri ambao dawa za presha zinakula kuliko wewe. Nimekaa na kikokotoo cha simu nikarudia nikidhani nimekosea nukta. Sisi wa NSSF, mfuko wa pensheni wa sekta binafsi, ni asilimia 35, mchezo ule ule kwa kiwango kidogo.

Haya, nakubali, anayetaka mkupuo mnono si mjinga. Mwenye kiwanja akijenga vyumba vinne vya kupangisha anaweza kuipita pensheni. Anaweza. Wengi tunaowajua walinunua bodaboda tatu wakawapa wajomba.

Nyingine ni makaratasi. Baba yangu mdogo alifundisha shule ya msingi maisha yake yote, akapata barua ya kustaafu, kisha akahangaika kwa sababu cheti kinamwita Yusufu na kitambulisho cha NIDA kinamwita Yusuph. Herufi mbili! Mara kiapo kwa wakili, mara rudi wiki ijayo, na shangazi akishinda anampigia kuuliza kama "hela imetoka". Hakuna kitabu hata kimoja katika vile kumi kinachokwambia ulinganishe jina lako lilivyoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa, NIDA, benki na mfuko ukiwa bado na nguvu za kupanga foleni.

Hati fungani na mifuko ya uwekezaji ya UTT AMIS ni vizuri, wekeni, sina ugomvi. Lakini ombeni kwanza taarifa ya michango. Yangu ina mashimo. Mwajiri wangu wa zamani alinikata asilimia kumi kila mwezi, kwenye slipu ya mshahara imeandikwa wazi kabisa, ila kwenye mfuko kuna miezi haikufika, wala yangu wala ile asilimia kumi anayopaswa kuchangia yeye. Na bila miezi 180 hakuna pensheni ya kila mwezi, unapewa cha mara moja unaagwa. Kwa hiyo kila mwezi uliomezwa na mtu ni mwezi wa kufanya kazi upya uzeeni.

Nimezichapa slipu zote, nimepiga mstari mwekundu kwenye kila mwezi uliopotea. Mhasibu wa huyo mwajiri alinijibu kwa simu kwamba "mfumo ulikuwa na shida". Jumatatu naenda na bahasha yangu anionyeshe huo mfumo.