Kambale, Baba Mkwe na Kayaki ya Upepo

Ninaandika haya kwa sababu baba mkwe wangu amekwisha kuyasimulia katika misiba miwili na harusi moja, na kila anaposimulia, kambale huongezeka urefu, bukta yangu hupungua, na jambo moja la maana huliruka.

Rafiki yangu anayepeleka watalii porini aliniachia kayaki ya upepo, yaani mtumbwi mwembamba wa mpira unaojazwa kwa pampu ya mguu, wenye vyumba vitatu vya hewa: ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto na sakafu. Mimi ni mhasibu wa mjini Iringa, na maji mengi niliyowahi kupambana nayo maishani ni ya kuoga alfajiri wakati wa baridi. Hata hivyo nilikuwa nimemwahidi mama mkwe, aishiye Kalenga, kwamba kitoweo cha Jumamosi kingetoka mikononi mwangu, kwa kuwa Mto Ruaha Mdogo unapita jirani na shamba lao. Ulikuwa mwezi Julai. Ulanzi ulikuwa umekwisha kwenye mianzi, hivyo asitokee mtu wa kusema kwamba nilikuwa nimekunywa.

Baba mkwe alinikuta ukingoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikikanyaga pampu, ukungu ukiwa bado umeyalalia maji.

"Kamwene, mkwe."

"Kamwene, baba."

Aliizunguka kayaki mara mbili, mikono ikiwa nyuma, kisha akaibonyeza kwa kidole kama mtu anayechagua parachichi sokoni. "Na hii nayo inaingia majini?" Nikamweleza kuhusu vile vyumba vitatu, nikasisitiza kwamba kimoja kikitoboka viwili hubaki. Aliitikia kwa heshima zote, akachukua ufito wake, mshipi na kopo la minyoo, akaenda kuketi juu ya jiwe.

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kayaki ina akili zake. Ukipiga kasia kulia, inageuka kushoto. Ukiirudi kwa kupiga kushoto, inageuka kulia na kukutazamisha ulikotoka, ili umwone vizuri baba mkwe akivuta perege mwingine. Kidimbwi nilichokikusudia kilikuwa umbali wa kutupa jiwe, nami nilikifikia baada ya saa nzima. Huko mshipi ulinasa kwenye matete, ukanasa kwenye mzizi, halafu ukanasa penye uzito wa kutia matumaini. Kufikia adhuhuri baba mkwe alikuwa na perege sita. Mimi nilikuwa nimevua kofia, na ilikuwa yangu.

Kwa kuwa maji yanayochuruzika kutoka kwenye kasia huishia mapajani, suruali ilikuwa imelowa chapachapa. Niliivua, nikaianika mbele ya kayaki, nikabaki na shati pamoja na bukta ya michezo niliyoinunua nikiwa sekondari, wakati mwili wangu ulikuwa na mipango mingine.

Saa tisa alasiri chambo changu cha utumbo wa kuku kilifanya kazi yake. Ufito ulipinda, kayaki ikaanza kuvutwa, na baada ya mvutano ambao sitauongezea chumvi, kwa kuwa mwenzangu amekwisha kuimaliza, nikampandisha kambale wa urefu wa mkono wangu kuanzia kwenye kiwiko hadi ncha ya vidole.

Kila mvuvi anajua kwamba kambale ana mwiba mgumu katika kila pezi la kifuani, ambao huusimamisha akikasirika, na kwamba akitolewa majini hachoki upesi, kwa sababu ana kiungo cha kuvutia hewa kama sisi. Mvuvi mwenye busara humgonga kichwani kwanza. Mimi nilimkaribisha, nikamketisha kati ya miguu yangu.

Alijinyonga mara tatu. Mara ya kwanza nilisikia "psss", nikadhani ni yeye anayelalamika. Ubavu wa kushoto ukaanza kulegea. Hapo Kalenga ndipo lilipokuwa boma la Mkwawa, lililoangushwa na mizinga ya Wajerumani mnamo Oktoba 1894, nami nathubutu kusema kwamba boma lile lilistahimili mizinga muda mrefu kuliko kayaki yangu ilivyomstahimili samaki mmoja. Niliziba tundu moja kwa kidole gumba, la pili kwa kisigino, na kwa kuwa ulibaki mkono mmoja tu wa kupiga kasia, nikaanza kuzunguka palepale kama jiwe la kusagia.

Sasa linakuja lile jambo ambalo baba mkwe huliruka. Alisimama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akapaza sauti, "Tulia, mkwe, nakuvuta!" na akarusha ndoana yake. Ilinasa. Ilinasa kwenye ubavu wa kulia.

Kwa hiyo nilivutwa hadi ukingoni juu ya sakafu peke yake, nikimkumbatia kambale ili asiitoboe na hiyo. Suruali ilikuwa imekwisha kushika njia yake kuelekea Ruaha Mkuu, na kama haikunaswa njiani, iliingia katika bwawa la Mtera. Tangu siku hiyo umeme ukikatika nyumbani silalamiki sana, maana huenda mimi ndiye niliyeziba mitambo. Nilipoinuka kutoka majini, bukta ilipasuka nyuma, wakati uleule mama mkwe alipokuwa akitokeza na kapu la chakula. Aligeuka haraka, akautazama mti uliokuwa karibu, akauambia kwa upole, "Mwambie mkwe wangu ugali unapoa."

Jumatatu tuliipeleka kayaki kwa fundi baiskeli. Aliizamisha kwenye beseni, akafuata mapovu, akaweka alama kwa chaki: matundu matatu ubavu wa kushoto, madogo na ya mviringo. Akageuza upande wa kulia, akakaa kimya, kisha akalipapasa lile la nne.

"Haya matatu nayajua, ni mwiba wa kambale," alisema huku akifungua sulusheni. "Lakini hili limechanika kwa kuvutwa. Hili ni la nani?"

Baba mkwe aliuliza kama pale kuna mahali pa kununua vocha, akaondoka.