Maelezo Yangu kwa Tawi la Yanga Kuhusu Ile Picha ya Nyekundu

Kwa kuwa picha imekwisha kuwafikia, na kwa kuwa aliyeituma ni mtu wa Msimbazi, shabiki wa Simba, ambaye hajanisamehe tangu yale mabao 5 kwa 1 tuliyowafunga Novemba 2023, naomba nami nisikilizwe. Ndiyo, aliyevaa sweta jekundu ni mimi. Ndiyo, mikono iko juu na mdomo uko wazi. Lakini yale maneno aliyoyaandika chini ya picha, kwamba "Al Hilal wamewapiga mbili Jumanne, Jumamosi huyu kahama," ni uzushi mtupu, ingawa sikatai kwamba tarehe zimekaa vibaya.

Mnajua kwamba ninasoma Columbus, katika jimbo la Ohio. Msichokijua ni kwamba mji huu umejaa nyekundu kuliko Kariakoo siku ya Simba Day. Timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo kikuu cha Ohio State huvaa nyekundu na kijivu, na inapofika wiki ya kucheza na Michigan, chuo cha jimbo jirani na wapinzani wao tangu 1897, kila herufi M kwenye mabango ya chuo hupigwa msalaba kwa utepe mwekundu ili jicho lisiione. Kocha wao wa zamani, Woody Hayes, hakupenda hata kulitamka jina la Michigan, aliwaita tu "ile timu ya kule kaskazini." Hapo niliwaelewa kabisa watu hawa, kwa sababu mimi nimekulia katika nyumba ambayo baba alirudisha dukani ndoo ya kuogea kwa kosa la rangi yake.

Basi asubuhi ya tarehe 30 Novemba 2024, nilipoalikwa uwanjani kuwatazama wakicheza na Michigan, nilikataa katakata kuvaa nyekundu. Nilichukua jezi yangu ya njano ya Yanga, nikaivaa juu ya koti zito ili ionekane vizuri, na chini nikavaa suruali yangu ya jinzi ya buluu. Wananchi wenzangu, rangi za Michigan ni njano na buluu. Yule ndugu wa Msimbazi, ambaye ameishi hapa kunizidi, alinitazama pale mlangoni kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema, "Umependeza, kaka." Huyo alijua.

Getini nilizomewa na watu wa rika zote, akiwemo mtoto aliyebebwa mabegani na baba yake. Shabiki mmoja wa Michigan alinikumbatia kwa nguvu, akanipa pole kwa kukaa mji huu. Mbele ya kiti changu alikaa bibi mmoja wa Ohio, shingoni amevaa mkufu wa mbegu kubwa za kahawia za "buckeye", ule mti ambao watu wa Ohio hujiita kwa jina lake, naye akageuka kuniuliza kama nimepotea njia. Nikamweleza kwa heshima kwamba hii ni Yanga, klabu ya Dar es Salaam iliyoanzishwa 1935, na kwamba nyekundu kwetu ni rangi ya jirani. Akanisikiliza vizuri sana. "Kwa hiyo hapa huna upande?" Nikamjibu kwamba sina. Hilo lilimkera kuliko Michigan yenyewe.

Sasa twende polepole, kwa maana hapa ndipo ilipo kesi.

Matokeo yalikuwa 10 kwa 10. Zikiwa zimebaki sekunde 45, mpigaji wa Michigan aliupeleka mpira katikati ya milingoti, ikawa 13 kwa 10, na watu zaidi ya 100,000 wakanyamaza kama waliofikiwa na taarifa ya msiba. Baridi ilikuwa imeniingia hadi kwenye meno. Katika nyekundu yote ile iliyonyamaza, kitu pekee kilichokuwa kinang'aa kilikuwa mimi. Vijana wa nyuma yangu wakaanza kunitazama kwa namna ya watu waliokosa wa kumlaumu na sasa wamempata. Bibi akageuka, akanitazama, akawatazama wao, kisha akatoa kwenye mfuko wake sweta zito. "Vaa, mwanangu. Kwanza unaganda. Pili, hao walio nyuma yako wamekunywa tangu alfajiri."

Sikupewa nafasi ya kujibu. Sweta lilinishukia kichwani, nikawa gizani ndani ya harufu ya sabuni ya kufulia. Mkono wa kulia ukapita. Wa kushoto ukakwama kwenye koti, bibi akauvuta mwenyewe. Nikaona mwanga unapenya kwenye sufu, na mwanga huo ulikuwa mwekundu. Kichwa kikatokeza, na wakati uleule jukwaa zima, likijaribu kuiamsha timu yake, likapiga kelele: "O-H!"

Mtu akikuitia herufi hizo mjini Columbus, unajibu "I-O!" Nimeitiwa kwenye basi, dukani, hata kwenye foleni ya kinyozi. Mdomo wangu, bila kuniuliza, ukajibu. Ukajibu kwa sauti kubwa. Mikono nayo ikapanda. Nilipogeuka, simu ya yule ndugu ilikuwa juu zamani, na haikuelekea uwanjani.

Yaliyobaki mmeyasoma: Ohio walipoteza, Michigan wakasimika bendera katikati ya uwanja, wachezaji wakapigana, polisi wakapuliza pilipili, na kesho yake kila chuo kikatozwa faini ya dola 100,000. Kwenye safu yetu bibi alishuka ngazi, akampa mkono mzee mmoja aliyevaa njano, wakacheka. Mambo yao ni kinyume na ya kwetu, maana kwa Mkapa wachezaji hubadilishana jezi na ugomvi wanatuachia sisi. Nilipotaka kumrudishia sweta lake, alikataa.

Mwenyekiti wa tawi alitaka maelezo ya maandishi, na maelezo ndiyo haya. Picha ile imewekwa kwenye wasifu wa watu ambao hata siwajui. Baba hajapokea simu yangu tangu Jumamosi. Mama, ambaye miaka yote tuliamini kwamba hana timu, amenipigia akiwa jikoni kuuliza kama yale masweta yapo ya saizi yake.